Mbio za Saa Kumi na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kunitazama usoni, na sijawahi kumlaumu. Kwetu Ukambani jambo hilo lina jina lake, nthoni, yaani ile haya inayomtenga mwanamume na mama aliyemzaa mkewe. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawaketi chumba kimoja wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja wao ghafla anaona kichaka cha kuvutia sana upande wa pili. Siku hizi wengi wameilegeza. Wapo wakwe wanaosalimiana kanisani kama kawaida, na harusini wanapigwa picha wamekumbatiana. Mama mkwe wangu hayuko katika kundi hilo. Ameokoka, anaimba kwaya, anafunga na kuomba, lakini nthoni yake hajamkabidhi mchungaji.

Kwa hiyo tangu nioe tulikuwa tukizungumza kupitia mke wangu. Nikienda kumtembelea nyumbani kwake Mtito Andei, kiti changu kinawekwa nje, upande wa nyuma, na mke wangu anakuwa posta. Siku moja posta alikuwa ameenda dukani na chakula kikawa tayari. Nikamsikia mama nyuma ya pazia akimwambia kuku, "Wewe kuku, hebu toka hapo. Kuna mgeni ametoka mbali na chakula yake inapoa." Kuku hakutoka. Mimi nikanawa mikono.

Mambo haya yalikuwa ya kutuchekesha mpaka alipoteleza kwenye kizingiti cha jikoni akaumia mguu. Tayari alikuwa mjane. Hoteli aliyoiendesha miaka mingi, ya kuwapikia madereva wa malori ugali na nyama, alikuwa ameikodisha kwa mtu mwingine, naye akabaki peke yake katika nyumba iliyo nyuma ya hoteli, akitembea kwa fimbo. Sisi tunakaa juu kabisa kwenye milima ya Mbooni, ambako mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa. Tuna nyumba ndogo pembeni ya boma ambayo watoto hulala wakifunga shule. Mke wangu alitaka mama yake aje akae humo. Alimwomba kwa simu, akamwomba uso kwa uso, akamtuma hata mchungaji.

"Nilale kwa mkwe?" mama alikuwa akijibu. "Mimi nimekuwa mtoto?"

Hapo maongezi yanaishia. Mke wangu anaweka simu chini, anatazama nje dirishani, na ugali unaungua. Kila asubuhi alikuwa na hofu kwamba mama ameanguka tena na hakuna mtu wa kumwinua. Kumleta mama Mbooni ndilo lililokuwa jambo kubwa nyumbani kwetu mwaka ule, na sikujua kabisa kwamba mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nikielekea kuliharibu.

Kiherehere chenyewe kilikuwa gemu.

Nilizaliwa Kyuso, lakini shule ya upili nilisomea Kitui mjini. Wakati huo kulikuwa na duka la redio na televisheni la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka pwani, mtu mpole sana. Mlangoni aliweka televisheni iliyounganishwa na mashine ya gemu, ili watu wavutiwe waingie. Watu walivutiwa kweli, ila hawakuwa wa kununua. Tulikuwa sisi, wanafunzi wa Jumamosi, tumejazana mlangoni mpaka wateja halisi wanakosa pa kupita. Gemu lilikuwa la mashindano ya magari. Magari yalikuwa madogo na mekundu, kama vipande vya sabuni, na barabara niliyoipenda ilipanda mlima kwa kona kali, upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo. Niliijua barabara ile kuliko nilivyojua hesabu. Baadaye nikamaliza shule, duka likafungwa, mashine za aina ile zikatoweka, na maisha yakaendelea bila magari ya sabuni.

Sasa ndio nikasoma kwenye simu kwamba wenye gemu lile wamelirudisha. Siku hizi imekuwa desturi. Magemu yaliyokufa zamani yanafufuliwa yote, moja baada ya jingine, yanapakwa rangi mpya na kuuziwa watu wenye mvi. Mimi nilijiandaa kukasirika. Sipendi vitu vikiguswaguswa. Walipobadilisha tuni ya wimbo mmoja kanisani kwetu nilifunga mdomo wimbo ule kwa miezi. Hata hivyo nikatafuta mashine iliyotumika, nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni, nikaketi nimekunja uso.

Kona ya kwanza ilipotokea, kidole gumba kilikata kabla kichwa hakijakumbuka. Ilikuwa barabara ileile. Mwamba ulikuwa umepata majani, shimo lilikuwa na ukungu chini yake, gari lilikuwa na vioo na dereva mwenye kofia, lakini kona zilikuwa palepale zilipokuwa. Aliyelitengeneza upya, popote alipo, alikuwa naye amesimama mlangoni mwa duka fulani. Tena kulikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza, picha yote inarudi kuwa ya zamani: miti ya vipande, magari ya sabuni. Nilikibonyeza na machozi yakanilengalenga, mtu mzima mwenye watoto bweni.

Mke wangu alipita na beseni la nguo, akasimama. "Ndiyo hii ulikuwa unaililia? Mbona inakaa kama mawe?"

Nikaikata kona nyingine. Nilikuwa na furaha tele.

Jambo jipya kabisa lilikuwa kwamba sasa unaweza kushindana na mtu aliye mbali, kila mmoja kwake, kwa mtandao. Anayecheza kwa mashine anaweza kukutana na anayecheza kwa simu. Mashine yangu niliisajili kwa namba ya mke wangu, maana yeye ndiye mwenye bando la kudumu, na mashine ikachokora namba zilizo kwenye simu yake na kuniletea mpinzani: mtu asiye na jina, aliyeweka picha ya sufuria. Nilidhani ni dereva fulani au mmoja wa wanawake wa chama chake. Kwa kweli sikujali. Nilitaka mtu wa kumshinda.

Sufuria huyo alikuwa na tabia moja ya ajabu. Kila akikaribia kona, alipiga honi. Kona zote, hata zile ambazo barabara ni ya upande mmoja na hakuna gari linaloweza kutokea mbele. Pii, kona. Pii, kona. Nilicheka mpaka nikakosea njia, naye akanipita. Mbio za pili akanipita tena. Alikuwa hodari kupindukia, na ustaarabu wake wa honi ulinikata maini zaidi, kwa sababu kushindwa na mtu anayekuchekesha ni aibu maradufu.

Gemu lina vikatuni vya kumtumia mpinzani. Kuna kimoja cha punda anayecheka, meno yote nje, masikio yanacheza. Siku niliyomshinda Sufuria kwa mara ya kwanza, nilimtumia punda. Aliponishinda tena, nikamtumia punda kusudi nimchokoze. Ikawa kawaida yetu. Saa kumi jioni, mimi nimetoka shule, yeye yuko tayari. Tunakimbia, anapiga honi, mimi natuma punda. Nilikuwa mtu mwenye raha zake. Nilianza hata kusahihisha insha kwa haraka ili niwahi.

Basi jioni moja mke wangu alikuwa jikoni akichambua ndengu, simu ameiweka mezani kwa sauti ya wazi, anaongea na mama yake. Mimi nilikuwa sebuleni navua viatu. Nikasikia sauti ya mama, kali, ya mtu aliyezoea kuwafukuza walevi hotelini.

"Kuna mtu kwa ile gemu uliniwekea kwa simu. Hana adabu hata kidogo. Ati ananitumia punda! Punda inanicheka na meno. Sasa mimi ni wa kuchekwa na punda, na umri wangu huu? Nitamchapa mpaka auze hiyo gari."

Kiatu kilibaki mkononi. Nilihisi jasho likitoka hata masikioni. Katika mila zetu kumtazama mama mkwe machoni ni kosa. Sijui hata mzee gani angeweza kupima kosa la kumtumia punda, tena kila siku, saa kumi, kwa furaha.

Simu ilipokwisha nikaenda jikoni nikamwambia mke wangu. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, ndengu zikamwagika. Alipopata pumzi ndipo akanieleza. Zamani mama alikuwa na mashine kama ile hotelini, imefungwa kwa mnyororo kwenye meza ya pembeni, ili madereva wanaongoja lori litengenezwe wasiende kungojea kwenye baa. Saa za mchana, wateja wakipungua, alicheza yeye. Madereva ndio waliomfunza, na walimfunza kama wanavyoendesha wao: kona usiyoiona mbele, piga honi. Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini honi kwake ni heshima. Alipoumia mguu alimwomba binti yake amtafutie ile gemu ya magari, na binti akamwekea kwenye simu. Mke wangu alijua kwamba mimi na mama tunalo gemu moja. Alidhani kila mmoja anacheza na mashine tu.

"Sasa tutafanya nini?" nikamuuliza.

Kicheko kikamwisha. "Akijua ni wewe, Mbooni hatakanyaga maisha yake yote."

Tukaamua nitoweke. Nilizima mashine, saa kumi nikawa napalilia kahawa isiyohitaji kupaliliwa. Niliona ni heshima na ni busara, na kwa kweli nilinuna. Siku zikapita hivyo. Kisha mama akapiga simu, safari hii kwa sauti ya chini.

"Yule mtu wa punda amepotea," alisema. "Sijui kama amepata ajali. Hawa madereva unajua ni hivyo, leo uko, kesho haupo. Jana nilimtaja kanisani, tukamwombea."

Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama sufuria ya ndengu. Kanisa zima la Mtito Andei lilikuwa limepiga magoti kwa ajili yangu, nami nilikuwa hapo mzima, nimeshiba. Nadhani hilo ndilo lililomshinda mke wangu, maana yeye ni mtu asiyeweza kumwacha mama yake aombee uongo.

"Mwaitu," akasema, yaani mama, "huyo mtu ni mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu wangu. Bwana yangu. Ni yeye alikuwa anatuma punda. Hakujua ni wewe."

"Asi!" tulisikia akimaka kwa Kikamba, na simu ikakatika.

Simu yake ilikaa imezimwa siku kadhaa. Mke wangu hakunilaumu, na ningependelea anilaumu. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Nilijua anawaza nini: mama yuko peke yake na fimbo yake, na sasa mlango wa Mbooni umefungwa kwa sababu ya mume mwenye utani. Nilijisikia mdogo sana.

Ujumbe ulipokuja ulikuwa mfupi, nao uliletwa na posta wetu wa kawaida, macho yamemtoka: "Amesema mwalimu alete mbuzi."

Sijawahi kufurahia faini namna ile. Anayevunja nthoni hulipa mbuzi, na akishalipa neno limekwisha. Asiyetaka kukuona tena hakudai mbuzi. Nilichagua beberu mwekundu mwenye afya, na Jumamosi tukateremka naye mpaka Mtito Andei. Alichinjwa, majirani na watu wa kwaya wakaitwa wale, na hakuna aliyeambiwa kisa chenyewe ni nini. Mama alikula ndani. Mimi nilikula nje, upande wangu ule wa nyuma. Baada ya chakula nikasikia pazia likisogezwa kidogo, na sauti ikamwambia mke wangu aliyekuwa amesimama katikati, kwa nguvu ya kutosha nisikie:

"Mwambie mwalimu mbuzi imefika. Na umwambie ile kona ya mwamba anaingia na pupa sana. Ndio maana namshinda."

Mke wangu akanigeukia kuniambia, nikamwambia nimesikia. Kisha nikaomba aulizwe kama ningeruhusiwa kuendelea kucheza naye, au sasa tuache.

Lori lilipita barabarani na mabati yakatetemeka.

"Ile ni barabara, sio nyumba," akasema. "Kwa barabara hata wakwe wanapitana."

Nimesoma vitabu vingi vya mila na sijaona hukumu iliyonyooka namna hiyo.

Tukarudi kwenye mbio zetu za saa kumi. Punda nilimstaafisha. Kwa kupitia posta tukaanza hata kubishana kuhusu gemu lenyewe. Nilimtumia habari ya kile kitufe cha kurudisha picha ya zamani, nikidhani nampa zawadi. Jibu lilirudi moto. Mwambie mwalimu, mama alisema, ile picha ya zamani ilikuwa giza tupu, mtu alikuwa anakisia barabara iko wapi. Hii mpya naona mpaka mawe. Mimi, niliye mdogo kwake kwa kizazi kizima, ndiye niliyekuwa nikililia ya kale, na yeye aliyeyaishi hakuyataka yarudi jinsi yalivyokuwa. Alitaka barabara yake, na macho ya kuiona. Nimelifikiria hilo hata darasani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, mlango wa jikoni kwake ukawa wa utelezi tena, na akakubali kuja Mbooni. Wiki moja tu, alisema, mguu utazamwe, kisha arudi kwake. Alifika na mkoba mmoja, akaingia nyumba ndogo, na mkoba hakuupakua. Kila asubuhi alitoa kitu kimoja na kukirudisha. Nilitumia mlango wa mbele, yeye akatumia njia ya shambani. Saa kumi tulicheza, yeye kwa simu nyumba ndogo, mimi sebuleni. Wiki ikaisha akaongeza siku mbili. Mke wangu alitembea kama mtu aliyebeba mayai, hakuthubutu kuuliza. Kisha mama akatangaza: keshokutwa narudi Mtito.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha milimani tangu saa saba. Boda boda hazikuweza kupanda, shule ilifungwa mapema, mke wangu alikuwa amekwama sokoni, na mtandao ukapotea kabisa, kama unavyofanya kwetu mawingu yakishuka. Saa kumi nilikuwa sebuleni nacheza peke yangu ile barabara ya mlima, bila moyo. Padi ya pili, kile kidude cha vitufe cha kuendeshea gari, ilikuwa kwenye kochi kando yangu, haijaguswa tangu niinunue.

Nikasikia fimbo barazani.

Niliinuka nusu, ili nipite mlango wa nyuma kama inavyotakiwa. Mlango wa mbele ukafunguka. Mama alisimama hapo na leso kichwani imelowa, anatazama televisheni, televisheni tu.

"Mwalimu," akasema, "songa kidogo."

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi, kwa mdomo wake, bila mtu katikati. Nikasonga mpaka mwisho wa kochi. Akaketi mwisho wa upande wa pili, akalaza fimbo, akachukua padi, akaigeuzageuza mpaka vidole vikapata mahali pake. Hatukutazamana. Hatukuhitaji, wote wawili tulikuwa tunatazama mbele, barabarani, na mtu anayetazama barabara hajamkosea mwenzake heshima. Picha iligawanyika mara mbili, gari lake juu, langu chini. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu hata hatukusikia muziki wa gemu, nami nilikuwa na furaha isiyo na mahali pa kwenda.

Alinishinda. Akanishinda tena. Mbio zilizofuata nilimkaribia sana kwenye mwamba, akaguna, akanishinda. Halafu akaweka padi magotini na kuunyoosha mguu wake mbaya taratibu.

"Mwambie mke wako," akasema, akiitazama televisheni, "mvua ikiisha atafute gari iende Mtito. Iniletee kitanda changu."

Sikungoja mvua iishe. Nilitoka bila viatu, nikateremka njia ya sokoni mbio, kumtafuta mke wangu nimpe ujumbe wa mama yake.